Uzito wa Mama Mjamzito ni Jambo la Wawili



Katika jamii zetu nyingi, mke akinenepa baada ya arusi jamaa hufurahi. Husema bwana anamtunza vizuri. Akishika mimba huambiwa ale chakula cha watu wawili, na akiisha kujifungua hupikiwa uji, supu na njahi ili apate nguvu na maziwa. Kuna wema katika desturi hizi, nasi hatuji hapa kuzidharau. Lakini siku hizi njaa na unene vinaishi katika mtaa mmoja. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya jamii wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya kila wanawake 100 wa Kenya wenye umri wa miaka 20 hadi 49, wapatao 45 walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupita kiasi. Basi jambo hili limo katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo, na yafaa mume na mke walizungumze pamoja.

Unene wa kupita kiasi ni nini?

Wauguzi hawakadirii kwa macho tu. Huchukua uzito kwa kilo, kisha huugawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa urefu huo huo. Jibu likiwa 25 au zaidi, uzito umezidi. Likifika 30, huo ni unene wa kupita kiasi. Kwa mfano, mama mwenye urefu wa mita 1.60 hufika 30 akiwa na kilo 77 hivi. Kinachohesabiwa ni uzito wa kabla ya mimba au wa mwanzoni mwake.

Unawadhuru vipi mama na mtoto?

Kwanza, kuna ugonjwa wa sukari wa mimba. Mafuta mengi mwilini huifanya insulini ishindwe kazi yake, na mimba yenyewe huongeza taabu hiyo. Sukari ikizidi katika damu ya mama, huvuka kondo na kumfikia mtoto. Mtoto hunenepa, hasa mabegani, na huenda akazidi kilo 4. Siku ya kuzaliwa kichwa chaweza kutoka na mabega yakakwama. Tena kitovu kikikatwa, sukari ya mtoto yaweza kushuka ghafula.

Pili, kuna presha ya mimba, ambayo yaweza kuleta kifafa cha mimba. Hatari yake ni kwamba mwanzoni mama huenda asisikie maumivu yoyote. Hugunduliwa kwa kupima presha na mkojo tu.

Tatu, mama mnene hupasuliwa mara nyingi zaidi wakati wa kujifungua, na kidonda chake huchelewa kupona au huingia usaha. Anaweza kutokwa na damu nyingi baada ya kuzaa. Damu yaweza pia kuganda katika mishipa ya mguu, kisha ikaenda mpaka mapafuni na kuua.

Nne, mimba kuharibika, mtoto kuzaliwa na kasoro ya uti wa mgongo, au kuzaliwa akiwa amekufa, hutokea zaidi kwa akina mama hawa.

Wako pia wanaochelewa kupata mimba kwa sababu mayai hayapevuki kila mwezi. Wanandoa wanaofuata mpango wa asili wa uzazi huliona jambo hili mapema katika kuandika dalili zao. Mara nyingi mwanamke akipunguza hata kilo 5 kati ya kila 100 za uzito wake, mzunguko huanza kurudi.

Tusielewane vibaya. Akina mama wengi wenye uzito mkubwa hujifungua salama. Unene huongeza hatari, lakini hauandiki hukumu. Wala si uvivu au ulafi tu unaouleta. Kuna maumbile ya ukoo, dawa fulani, mawazo, kazi ya kuketi kutwa, na bei ya vyakula sokoni.

Ulimi wa mume

Kuna mume anayemtania mkewe mbele ya wageni na kumwita pipa au gunia. Kuna mwingine asiyesema neno, lakini kila jioni huleta chipsi na soda nyumbani, akidhani huo ndio upendo. Wote wawili wamemwacha mke peke yake.

Fikirini matokeo ya mzaha. Mama aliyezoea kuchekwa huogopa mizani ya kliniki. Hukosa siku ya kwanza, kisha ya pili. Na tumekwisha kuona kwamba presha ya mimba haipigi hodi, hugunduliwa kwa kipimo. Hivyo neno la dharau lililosemwa mezani laweza kugharimu maisha ya watu wawili. Mtume Paulo alipowaandikia Waefeso juu ya ndoa, aliufananisha upendo wa mume kwa mkewe na jinsi mtu anavyoutunza mwili wake mwenyewe. Hakuna mtu mwenye akili anayeutukana mguu wake ili upone.

Tufanye nini?

Kabla ya mimba. Huu ndio wakati bora wa kupunguza uzito, polepole. Mke aanze vidonge vya foliki angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba, na amwulize daktari kiasi, kwani mwenye unene huenda akahitaji zaidi. Msiusahau muda kati ya mtoto na mtoto. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2006, uliohusu wanawake zaidi ya 150,000, ulionyesha kwamba waliongezeka pointi 3 au zaidi za kipimo tulichotaja, kati ya mimba ya kwanza na ya pili, walipata presha, sukari na vifo vya watoto tumboni mara nyingi zaidi. Ilikuwa hivyo hata kwa wale ambao hawakuwa wanene. Kwa mama wa mita 1.60, pointi hizo ni kama kilo 8.

Wakati wa mimba. Mama asijinyime chakula ili akonde, na mfungo wa Kwaresima usigeuzwe kuwa dawa ya unene. Kanisa halimdai mjamzito mfungo unaomdhuru. Miongozo ya Marekani ya mwaka 2009 yasema mwenye unene wa kupita kiasi aongeze kilo 5 hadi 9 tu kwa mimba nzima. Ugali upungue kidogo, sukuma wiki, maharagwe, ndengu na omena ziongezeke. Sukari katika chai ipunguzwe, soda na mandazi viachwe. Na sufuria iwe moja kwa wote. Mke hawezi kula mboga huku bwana akila chapati tano mbele yake. Tembeeni pamoja nusu saa, siku tano kwa juma, ikiwa daktari hakukataza.

Kliniki. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 mama aonwe angalau mara nane. Mume amsindikize, na akisome kijitabu cha Mama na Mtoto. Waombe kipimo cha sukari. Wachague mapema hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu, na nauli iwekwe kando.

Msingoje asubuhi mkiona haya: kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso kuvimba ghafula, maumivu juu ya tumbo, damu kutoka, mtoto kupunguza kucheza, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au pumzi kukatika. Nendeni hospitali mara moja.

Injili ya Luka yatusimulia kwamba Bikira Maria alikwenda kwa haraka kwa Elizabeti mjamzito, akakaa naye yapata miezi mitatu. Maria mwenyewe alikuwa na mimba, lakini hakumwachia jamaa yake aibebe yake peke yake. Mume naye ameitwa kuwa karibu hivyo, tena ndani ya nyumba yake.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:

1. Je, kuna neno juu ya mwili wa mwenzangu ambalo yafaa niache kulisema?
2. Ni chakula gani kimoja tutakachobadilisha sote juma hili?
3. Siku ya kliniki ijayo ni lini, na nani atamsindikiza mama?

Mungu azibariki nyumba zenu na watoto mnaowangojea.