Vijana Wanne Mbele ya Mfalme

Neno kwa wazazi wa Buhemba juu ya watoto wanaoingia mtihani. Danieli, mlango wa 1, mstari wa 3 hata wa 20.



Fungueni kwanza Kitabu na kuyasoma maneno yaliyotajwa hapo juu, kisha mrudi katika ukurasa huu. Maana mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanywa kila mwaka mwezi wa Septemba, na watoto wetu waufaulio huingia kidato cha kwanza mwezi wa Januari. Nami naona katika nyumba nyingi mtoto huachiwa jambo hili peke yake, kana kwamba ni ugonjwa wake mwenyewe.

Danieli na Hanania na Mishaeli na Azaria walikuwa wana wa Yuda waliochukuliwa mateka. Mfalme wa Babeli aliagiza wafundishwe elimu ya Wakaldayo na lugha yao kwa muda wa miaka mitatu, ndipo wasimamishwe mbele yake. Basi, huo ulikuwa mtihani, tena mkubwa, maana mwenye kuuliza ni mfalme mwenyewe. Siku ilipotimia akasema nao, akawaona wanapita waganga na wachawi wote wa ufalme wake mara kumi.

Angalieni jinsi Maandiko yanavyoyaweka mambo mawili pamoja. Yasema ya kuwa Mungu ndiye aliyewapa maarifa. Tena yasema ya kuwa walifundishwa miaka mitatu. Hayasemi kwamba kwa kuwa Mungu aliwapa, basi hawakujifunza. Nalisema hili kwa sababu siku hizi wako wazazi waletao kalamu na penseli ziombewe na kupakwa mafuta usiku wa kuamkia mtihani, hali daftari la mtoto halikutazamwa na mtu nyumbani tangu Januari. Nitamwombea mtoto kwa furaha. Kalamu haina haja na maombi yangu.

Najua neno ambalo baba wengi wa hapa watalijibu: "Mchungaji, dhahabu i chini ya miguu yetu. Mtoto wa kiume akishuka katika duara, au akiponda mawe karibu na karasha, jioni anarudi na fedha. Shule itampa nini?" Ndugu zangu, siidharau kazi ya machimbo; wengi wenu mnatoa sadaka kwa jasho la kazi hiyo. Lakini sikilizeni habari ya mtu mmoja. Hans, babaye Martin Luther, alikuwa mwana wa mkulima, akafanya kazi katika machimbo ya shaba huko Mansfeld, hata akawa na matanuru ya kuyeyushia madini. Mtu huyo wa mashimo, aliyejua thamani ya mikono miwili ya kijana, alimpeleka mwanawe shule ya Mansfeld, kisha Magdeburg, kisha Eisenach, na mwaka 1501 akamwingiza chuo kikuu cha Erfurt. Huko Eisenach kijana aliimba milangoni pa watu apate mkate, wala hakuacha masomo.

Na Luther alipokuwa mtu mzima, mwaka 1524, aliwaandikia wakuu wa miji ya Ujerumani wasimamishe shule, kwa wavulana na kwa wasichana pia. Wazazi wa nchi ile nao walisema kwamba hawawezi kukosa msaada wa watoto wao nyumbani. Hakuwakemea kwa neno hilo; alisema mvulana aende shule saa moja au mbili kwa siku, saa zilizobaki afanye kazi ya nyumbani, na msichana vivyo hivyo apate saa yake. Basi mtoto wa Buhemba na achunge mbuzi, na apalilie mihogo. Lakini iwepo saa ambayo ni yake, wala mtu asimtume kisimani au dukani katika saa hiyo. Duara na karasha na zebaki ni habari nyingine: hapo si mahali pa mtoto kabisa, hata siku ya Jumamosi.

Sasa mama mmoja ataniuliza, "Nami nisiyejua kusoma, nitamsaidiaje?" Mama, wewe waweza kuliko unavyodhani. Mwaka 1529 Luther aliandika Katekisimo Ndogo, akaielekeza kwa wakuu wa nyumba. Kumbukeni njia yake: fungu fupi, kisha swali, "Maana yake nini?", kisha jibu. Ulijifunza hivyo wewe mwenyewe ulipojiandaa kwa kipaimara. Njia hiyo yafaa katika Sayansi na Hesabu pia. Mwambie mtoto asome ukurasa mmoja tu, kisha alifunge daftari na kukueleza aliyoyasoma, wewe ukiwa unachambua mboga. Akikwama, hajui bado. Na afungue atazame tena. Akieleza hata wewe ukaelewa, basi amejua. Wengi husoma ukurasa ule ule mara tano kwa macho, wakadhani wamejifunza, na kumbe wameuzoea tu. Kesho yake umwulize tena yale ya jana kabla ya mapya. Na baada ya juma umwulize tena. Luther mwenyewe, ingawa alikuwa mwalimu wa Maandiko, alisema kwamba kila siku huirudia Katekisimo kama mtoto.

Apate pia kwa mwalimu mitihani ya miaka iliyopita, aifanye kwa saa iliyopimwa, asiulize mtu. Kisha atazame alipokosea, na kwa nini. Hapo ndipo penye faida, si katika kuhesabu alama. Ajizoeze kusoma swali hata mwisho wake kabla ya kushika jibu, maana maswali mengi ni ya kuchagua, na jibu la kwanza mara nyingi huwa limewekwa kumnasa mwenye haraka. Kivuli akitie vizuri; akibadili, afute pasibaki alama. Na katika juma la mwisho msimkeshe. Mtoto aliyekesha na kibatari siku tatu huingia chumbani na kichwa kizito, na yote uliyomlipia masomo ya ziada hupotea kwa usingizi.

Wala msimpige kwa alama mbaya. Luther alisimulia uzeeni kwamba alipokuwa mtoto shuleni alichapwa asubuhi moja mara kumi na tano kwa jambo ambalo hakuwa amefundishwa. Mtu huyu aliandika vitabu vingi sana, lakini viboko vile hakuvisahau.

Iko hofu nyingine, ni ya lugha. Mtoto anasoma kwa Kiswahili shule ya msingi, akifika sekondari anakuta kila somo ni Kiingereza. Danieli alikuta lugha ya Wakaldayo. Na hapa petu, mwaka 1934, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito aliondoka Butiama akaingia shule ya Mwisenge, Musoma, akiwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi, naye msemaji wa Kizanaki. Mwaka 1937 alikwenda Tabora. Mtu huyo hatimaye alikitia Kiingereza cha Shakespeare katika Kiswahili, "Julius Caesar" mwaka 1963 na "Mabepari wa Venisi" mwaka 1969. Kanisa lake lilikuwa la Kikatoliki, si letu. Lakini vumbi la miguu yake lilikuwa hili hili la kwetu.

Sasa nasema neno zito, nami naomba lisomwe hata na wale ambao halitawapendeza. Wako wazazi katika nchi yetu wamwambiao binti, "Mwanangu, ukiingia chumbani, jibu ovyo, usifaulu." Maana mahari imekwisha kuzungumzwa, au wanaogopa gharama za sekondari, ingawa ada ya kidato cha kwanza hata cha nne iliondolewa mwaka 2016. Binti huyo anaijua Amri ya Nne, ametuimbia kanisani. Anakaa mbele ya karatasi, jibu analijua, na mkono wake unatia kivuli penye uongo kwa ajili ya kumheshimu baba yake. Katika Katekisimo Kubwa, katika amri iyo hiyo, Luther anawageukia wazazi na kuwaambia kwamba mtoto mwenye akili yawapasa kumsomesha, nao watatoa hesabu kwa Mungu. Baba anayemwamuru mtoto aizike talanta anaitumia amri ya Mungu kuivunja amri ya Mungu. Tena sheria ya nchi, tangu mwaka 2016, yampa kifungo cha miaka thelathini amwoaye mwanafunzi.

Nawe binti unayesoma haya, mtazame Danieli. Alipoletewa chakula ambacho hakuweza kukila, hakutukana wala hakutoroka. Alikwenda kwa mkuu wa matowashi. Huyo alipoogopa, akaenda kwa msimamizi, akaomba kwa adabu siku kumi za kujaribiwa. Nenda kwa mwalimu wako; akiogopa, nenda kwa mama mchungaji au kwa mzee wa kanisa. Na katika chumba cha mtihani ujibu lile ulijualo.

Wazee wa kanisa, tangu Septemba hata Januari kidato cha kwanza husubiriwa, na siku hizo ndizo ambazo mabinti wa mkoa huu hukeketwa na kuozwa. Zitembeleeni nyumba zote zenye mtoto aliyefanya mtihani, mkaanze na zile ambazo hazikumleta binti wao kanisani Jumapili mbili mfululizo.