Mwendo wa Watoto: Neno kwa Wanaojifunza Kukimbia Tena

Masomo: Mwanzo 32:22-32, Mwanzo 33:12-18, Waebrania 12:1 na 12:12-13

  

Neno la mwezi huu limetokana na swali la vijana wetu. Kila mwaka mji wa Kigali hufanya mbio za kimataifa za amani, zilizoanza mwaka 2005. Wako wanaokimbia marathoni nzima, yaani kilomita 42.195. Wako wanaokimbia nusu yake, na wako wanaokimbia mbio fupi kwa furaha tu. Vijana wa kanisa huanza mazoezi miezi mingi kabla, alfajiri, watu wakiwa bado wamelala. Anayezijua njia za Gikondo anajua kwamba hapa tambarare ni chache. Ukitoka bondeni karibu na Rwandex, utapanda tu.

Basi huumia. Mmoja goti, mwingine kisigino, mwingine mfupa wa muundi. Tukimwambia apumzike, anatujibu: "Mchungaji, kupumzika si kukosa imani? Biblia haituambii tukimbie bila kukata tamaa?"

Ndugu zangu, swali hilo si la wanariadha peke yao. Ni la mama aliyezika watoto njiani na anaambiwa mwaka umepita, asahau. Ni la baba aliyekuwa mwalimu kwao na sasa anajiona mvivu kwa sababu hajasimama tena. Ni la kijana anayehesabu majirani waliokwisha kuondoka kwenda Marekani na Kanada, naye yuko pale pale. Sote tumeumia, na sote tunaulizwa kwa nini hatukimbii. Tutafute jibu katika Neno.

1. Yakobo alikuwa anachechemea

Tunapenda kuhubiri usiku wa Penieli, Yakobo aliposhindana mpaka alfajiri akabarikiwa. Mara nyingi tunafunga Biblia hapo. Lakini mbaraka ule ulikuja pamoja na jeraha. Nyonga yake iliteguka, na jua lilipomzukia alikuwa anachechemea.

Mtu huyu ni nani? Ni mtu aliyekimbia kwao kwa kuogopa kuuawa. Amekaa ugenini miaka 20, amefanya kazi kwa mjomba aliyembadilishia mshahara mara nyingi. Sasa yuko njiani na wake, watoto na mifugo. Sisi wakimbizi hatuhitaji kuelezwa sana habari hii. Tunaijua.

Anapokutana na Esau, wanalia, wanakumbatiana. Kisha Esau anasema twende pamoja, nitakutangulia. Angalieni vizuri, wapendwa: Esau siku ile hakuwa adui. Alikuwa ndugu mwenye upendo, mwenye watu 400, na mwenye miguu mizima. Lakini Yakobo anakataa mwendo wake. Anamweleza kwamba watoto ni wadogo na mifugo inanyonyesha, na wakiharakishwa siku moja tu, kundi lote litakufa. Yeye atakwenda polepole.

Katika Kiebrania, neno lililotumiwa pale kwa mwendo ni "regel", maana yake mguu. Ni kama kusema kwamba kipimo cha safari ni mguu wa mtoto. Mguu wa Esau usitumike kuwapimia watoto. Hata mguu wa Yakobo mwenyewe, ule wa zamani kabla ya Penieli, usitumike.

Hapo tunajifunza kwamba kwenda polepole kunaweza kuwa kazi ya imani. Yakobo hakupunguza mwendo kwa sababu hakuamini ahadi. Alipunguza kwa sababu aliiamini, na alitaka watoto wa ahadi wafike wakiwa hai.

2. Pumzi hurudi kabla ya mfupa

Walimu wa mbio wanajua jambo moja ambalo kila mkimbiaji aliyeumia anapaswa kulijua. Mtu akirudi mazoezini, moyo na mapafu hupata nguvu mapema. Baada ya majuma machache anapumua vizuri na anajiona kama zamani. Lakini kano, zile kamba ngumu zinazounganisha msuli na mfupa, hupata damu kidogo kuliko msuli, kwa hiyo hupona polepole. Mfupa wenye ufa mdogo mara nyingi huhitaji majuma 6 mpaka 8 kabla ya kuanza kukimbia, na wakati mwingine zaidi.

Hatari iko hapo katikati, pale pumzi imerudi na mfupa bado. Kijana anasikia nguvu kifuani, anapanda mlima kwa kasi, na siku ile ile anavunja kilichokuwa kinaunga. Kwa sababu hiyo mwalimu mwenye hekima humwanzisha kwa kutembea. Kisha atembee na kukimbia kwa zamu, dakika chache chache. Mlima na kasi huja mwisho. Na kila mazoezi hupimwa kesho yake asubuhi: maumivu yakiwa yamezidi, anarudi nyuma hatua moja. Akishindwa kukanyaga, au mguu ukivimba, aende kituo cha afya, asingoje maombi ya Ijumaa peke yake. Tuombe, na tumpeleke.

Ndivyo ilivyo na moyo wa mwanadamu. Sauti ya kuimba hurudi kabla ya usingizi. Kicheko hurudi kabla ya kumwamini jirani. Mama anaweza kuongoza kwaya Jumapili kwa nguvu zote, na Jumatatu usiku mlango ukigongwa anatetemeka. Tusimwite mnafiki. Pumzi yake imerudi, mfupa bado unaunga. Na yeye mwenyewe asijihukumu.

3. Siku ya kukimbia na miezi ya kupona

Wahubiri wa Afrika Mashariki hupenda kumtaja John Stephen Akhwari wa Tanzania, mtu wa Mbulu. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika Olimpiki ya Mexico City, mji ulio juu zaidi ya mita 2,200, alianguka katikati ya marathoni akaumia goti na bega. Alifungwa bandeji akaendelea. Aliingia uwanjani wa mwisho kati ya 57 waliomaliza, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Wengine walioanza naye hawakumaliza kabisa. Ni habari njema ya uvumilivu, na tunaipenda.

Lakini iko sehemu ya pili isiyohubiriwa sana. Mwezi wa Julai 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, Akhwari yule yule alikimbia marathoni na akawa wa tano, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Mexico alikuwa ametumia saa 3 na dakika 25. Kati ya siku hizo mbili kuna miezi 21.

Wapendwa, iko siku ya Mexico katika maisha. Sisi tunaijua. Siku ile tuliyokimbia na watoto mgongoni, hakuna aliyeuliza kama goti linauma. Ilikuwa lazima kufika, na Mungu alitupa nguvu ya siku ile. Tumshukuru.

Lakini siku ya kukimbia si maisha yote. Wengi wetu tumefika mahali pa usalama miaka mingi iliyopita, na bado tunaishi kwa mwendo wa siku ile. Tunalala na viatu rohoni. Tunawakaripia watoto kama vile risasi bado zinalia nyuma yetu. Tunajilazimisha kubeba kila kitu leo, kana kwamba kesho haipo. Yule mkimbiaji hakupata nguvu ya 1970 kwa kuurudia ule usiku wa 1968 kila siku. Mungu anayetoa nguvu ya kumaliza siku moja mbaya ndiye anayetoa pia saburi ya miezi 21 ya kawaida. Tusipokee zawadi moja na kuikataa nyingine.

Tazameni hata mahali tunapoishi. Tarehe 9 Aprili 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu waliokimbilia parokia ya Wapallotti hapa Gikondo waliuawa ndani ya kanisa. Kila mwaka tangu tarehe 7 Aprili nchi hii husimama na kukumbuka. Mbio za amani zilianza miaka 11 baada ya mauaji yale, na kumbukumbu haikukoma kwa sababu ya mbio. Watu wanakimbia na wanakumbuka. Majirani wetu wametufundisha kwamba kidonda kikubwa hakiponi kwa amri.

4. Kazi ya kanisa ni kunyosha njia

Sasa twende Waebrania 12. Mstari wa kwanza tunaujua kwa moyo, ule wa mbio na wingu la mashahidi. Lakini mwandishi haishii hapo. Katika mistari ya 12 na 13 anazungumza juu ya mikono iliyolegea na magoti yaliyopooza. Anawaagiza watu kuifanya njia ya miguu kuwa sawa, ili kiungo kilicho kiwete kisiharibike zaidi, bali kipone. Wafasiri wengine wanasema neno la Kigiriki lililotumiwa pale liliwahi kutumiwa na waganga kwa kiungo kilichoteguka.

Maana yake ni nini? Ni kwamba wale wanaoitwa kukimbia katika mstari wa kwanza, kati yao wako viwete. Mtume anajua. Hawafukuzi mashindanoni, wala hawapigii kelele waongeze mwendo. Anawapa wengine kazi: tengenezeni njia.

Basi kanisa lifanye nini?

Kwanza, tusimlazimishe aliyeumia kusimama na kushuhudia kwamba amepona kabla hajawa tayari. Ushuhuda una wakati wake.

Pili, tuondoe mawe. Mjane asipangiwe zamu ya kupika kwa wageni wote juma lile lile anapougua. Baba aliyekosa kazi asitajwe mbele ya watu. Kijana aliyeumia mguu apewe kazi ya kushika saa na maji ya wenzake, asikae nyumbani akijiona ametupwa.

Tatu, wenye miguu mizima wajifunze kutembea nyuma. Esau alitaka kutangulia. Yakobo alifuata nyayo za watoto. Jumapili moja mjaribuni: mrudi nyumbani kwa mwendo wa mtu dhaifu kuliko wote katika nyumba yenu, na mwone mtazungumza mambo gani njiani.

5. Polepole si kukaa

Neno la mwisho, ili mtu asitumie mahubiri haya kama mkeka wa kulalia. Yakobo alisema atakwenda polepole, na alikwenda. Alisimama Sukothi, akajenga nyumba, na mifugo akaijengea vibanda. Kujenga kibanda njiani si dhambi, wapendwa. Wengi wetu tumejenga. Kisha akaendelea. Na Mwanzo 33:18 inatuambia alivyofika katika mji wa Shekemu. Neno la Kiebrania pale ni "shalem", ndugu wa lile neno tunalosalimiana, shalom. Wafasiri wengi wanalielewa kuwa salama, mzima, bila kupungukiwa.

Biblia haisemi kwamba mguu ule ulinyoka. Inasema alifika mzima, na watoto wote wapo. Huo ndio ushindi tunaoutafuta. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Sisi tunaongeza: na akiwa na watoto, hafiki peke yake.

Kijana wetu, pumzisha mfupa wako bila aibu, kisha anza tena kwa kutembea. Mama, lia unapolia, kisha chota maji ya leo. Baba, beba mzigo wa ukubwa wa leo. Mbio bado zipo, na Mwenye mbio anatungoja.

Tuombe: Ee Bwana, wewe uliyemgusa Yakobo nyongani na hukumwacha njiani, utuongoze kwa mwendo wa walio wadogo kati yetu. Uwape walioumia saburi, na wenye nguvu macho ya kuwaona. Utufikishe sote, bila kumwacha mmoja. Kwa jina la Yesu, Amina.

Neema ya Bwana iwe pamoja nanyi nyote.