Jibu la Siku ya Kwanza

Wengi wetu tuliiona video ile mwaka 2009. Mwanamke wa miaka 47, nywele timtim, amesimama jukwaani Glasgow kwenye shindano la Britain's Got Talent. Watazamaji wanaguna, wengine wanacheka waziwazi. Kisha akaimba. Nakiri kwamba mimi pia nilicheka kabla hajafungua kinywa, na baadaye nikajiona nimeelimika: kumbe usimdharau usiyemjua. Lakini kisa cha Susan Boyle kilikuwa na sehemu ya pili, iliyojulikana miaka minne baadaye, na hiyo haikupata watazamaji wengi hivyo.

Susan alizaliwa mwaka 1961 na kukulia Blackburn, mji mdogo wa Scotland. Uzazi ulikuwa mgumu. Wazazi wakaambiwa mtoto alikosa hewa na huenda ubongo umeumia. Jibu hilo likamtangulia kila alikokwenda. Masomo yakimshinda, sababu inajulikana. Akipandwa na hasira ghafla, sababu inajulikana. Wenzake shuleni walimtungia jina la kumdhihaki kwamba ni mjinga, na yeye mwenyewe amesimulia alivyokuwa akichapwa mkanda darasani. Nani angeuliza zaidi, ilhali jibu lilitolewa siku aliyozaliwa?

Hata umaarufu haukuwaamsha watu. Siku moja baada ya fainali, ambamo alishika nafasi ya pili, alipelekwa kliniki London akiwa amechoka kabisa. Magazeti yalikuwa yameshaandika jinsi alivyofoka hotelini, kana kwamba ni vituko vya mtu aliyeleweshwa na sifa. Hebu tujiweke mahali pake: maisha yote katika nyumba ileile, mitaa ileile, kisha ndani ya wiki chache taa, kelele na waandishi mlangoni. Kufoka kule kulikuwa ni kusema. Hakuna aliyesikiliza, nami nilikuwa miongoni mwao.

Mwaka 2012 mtaalamu mmoja wa Scotland alimkalisha chini akampima upya. Akagundua hali iliyokuwa ikiitwa Asperger, ambayo sasa huhesabiwa ndani ya usonji, na kwamba akili yake iko juu ya wastani. Susan alilitangaza jambo hilo Desemba 2013. Alisema amepata nafuu moyoni, na kwamba kile kibandiko cha zamani hakikuwa haki. Alipimwa akiwa na miaka 51.

Tusimlaumu daktari wa uzazi peke yake. Daktari Hans Asperger wa Vienna alipoandika kuhusu hali hiyo mwaka 1944 alieleza watoto wanne, wote wavulana. Daktari Leo Kanner, kule Marekani mwaka mmoja kabla, alikuwa na watoto 11, wasichana watatu tu. Picha ya usonji ikachorwa kwa sura ya mvulana. Daktari wa Kisovieti, Grunya Sukhareva, alikuwa ameshawaeleza wasichana mwaka 1927, ila kazi yake ilikaa miaka mingi bila kusomwa. ADHD nayo, ile hali ya umakini kutotulia, tuliizoea kwa mtoto wa kiume anayepanda madawati. Wa kike ambaye mwili umetulia lakini akili inazurura tulimwita mzembe. Na hadi mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani haukuruhusu mtu mmoja kuandikiwa usonji na ADHD pamoja. Mwenye vyote viwili alilazimika kukosa kimoja.

Ndiyo maana kipimo cha kweli hakiwezi kuwa karatasi ya maswali ya kujumlisha alama. Mtaalamu mzuri humwuliza mama jinsi mtoto alivyocheza akiwa na miaka mitatu, husoma ripoti za shule, huchunguza masikio na usingizi, hutenganisha wasiwasi na mambo mengine. Kwa msichana huuliza pia swali ambalo wengi hulisahau: inakugharimu nini kuonekana kama wenzako? Maana wasichana wengi hujifunza kuiga. Hukariri namna ya kucheka, hujilazimisha kumtazama mtu machoni, hushinda siku nzima hivyo, kisha wakifika nyumbani wanaanguka kwa kilio juu ya soksi inayokwaruza. Mama akilalamika, shule humshangaa: mbona hapa hana shida?

Neno hilo nalijua. Nilipata kufundisha kwa muda mfupi, na darasani kwangu alikuwapo binti aliyekuwa akikaa kando ya dirisha. Alikuwa na rafiki mmoja tu, na siku rafiki huyo asipokuja, mapumziko yote aliyamaliza maktaba. Kengele ikilia aliziba masikio. Kazi za nyumbani alizifanya vizuri sana kisha akazisahau kwao, wiki baada ya wiki. Mama yake alikuja mara mbili. Mara ya kwanza nilimwambia, "Mama, usiwe na wasiwasi, binti yako ni mpole tu." Mara ya pili sikumbuki nilimwambia nini, lakini najua nilichokiandika kwenye ripoti ya mwisho wa muhula, kwa maana niliwaandikia hivyo mabinti wengi: *Mtiifu. Ajitahidi kuwa makini.*