Mlango Usiosubiri Hodi

Kuna wiki moja nilikuwa shujaa wa ofisi, kisa nimeondoa paswedi.

Sio zote, usitishike. Asubuhi ukiwasha kompyuta bado ulitakiwa kuandika jina na nywila (vitabu vinasema nywila, ofisini kwetu sijawahi kusikia mtu akilitamka hilo neno). Kilichoondoka ni lile dirisha dogo la pili, lililokuwa likichomoza kila ukifungua tovuti ya ndani ya kampuni, pale tunapoombea likizo, kuangalia hati ya mshahara na kuidhinisha masaa ya ziada ya madereva. Watu walilichukia dirisha lile kuliko foleni ya benki mwisho wa mwezi. Wengine walibandika paswedi zao chini ya kibodi. Mmoja aliiandika kwenye kalenda ya ukutani, kwa kalamu nyekundu, ili mtu yeyote asipate taabu kuisoma.

Jinsi mpango wenyewe unavyofanya kazi ni lazima niueleze kidogo, maana hapo ndipo swali langu lilipojificha. Ukishaingia asubuhi, seva inayotunza majina ya wafanyakazi inakupa tiketi. Ukifungua tovuti ya ndani, tovuti inasema: jitambulishe. Brauza haikusumbui wewe. Inaitumia ile tiketi ya asubuhi kuombea tiketi nyingine, ya tovuti hiyo tu, inaionyesha, na mlango unafunguka. Hujapepesa jicho. Paswedi yako haikupita kwenye waya hata mara moja, na kwa usalama hilo ni jambo kubwa. Sitaki mtu aseme nabeza. Mpango huo unaitwa Kerberos. Ulibuniwa chuo cha MIT, Marekani, miaka ya 1980, na Microsoft wakauingiza kwenye Windows 2000. Jina ni la mbwa wa hadithi za Wagiriki, mwenye vichwa vitatu, mlinzi wa lango la kuzimu. Nilikuja kusoma baadaye kwamba kazi yake hasa ilikuwa kuwazuia wafu wasitoke. Wanaoingia hakuwa na shida nao sana.

Kitu kilichonifurahisha zaidi siku zile ni namna Windows inavyoamua nani ni wa nyumbani. Anwani ikiwa neno moja tu, halina nukta ndani yake, kwa kawaida inahesabiwa kuwa ya ndani na inapewa utambulisho wako bila kuulizwa. Ikiwa na nukta, ni mgeni, mpaka mtu kama mimi aiandike kwenye orodha ya wanaoaminika. Ni kama mtaani: anayeitwa kwa jina moja ni ndugu, mwenye majina matatu na cheo ni mtu wa serikali. Niliongeza anwani yetu kwenye orodha, nikasambaza mpangilio kwenye kompyuta zote usiku, asubuhi watu wakaniletea chapati.

Na ile tiketi ya asubuhi, kwa mpangilio wa kawaida wa Windows, inaishi masaa 10. Ukiingia saa mbili asubuhi inakufikisha saa kumi na mbili jioni. Yaani ukisema jina lako mara moja, seva inaendelea kukuamini siku nzima ya kazi.

Sasa, mwezi wa pili wa ushujaa wangu, masaa ya ziada ya dereva mmoja yaliidhinishwa ilhali gari lake lilikuwa gereji. Hela yenyewe si nyingi. Aliyeidhinisha, kwa mujibu wa mfumo, ni mama mmoja wa usafirishaji, mtu mzima, kabakiza miaka michache astaafu. Yeye alisema muda huo alikuwa chini anakula. Nikaitwa kwenye kikao.

Afisa utumishi akaniuliza: mfumo unasema nani aliidhinisha?

Nikasema: mama huyu, kutoka kwenye kompyuta yake, saa 7:42 mchana.

Akauliza: kwa hiyo ni yeye?

Nikasema: mfumo umemtambua yeye.

Hakuna neno la uongo hapo. Ukinipeleka popote nitarudia yaleyale. Lakini nilijua, na mle ndani pengine nilijua peke yangu, kwamba mfumo haukumtambua mtu yeyote saa 7:42. Ulimtambua saa mbili asubuhi. Saa 7:42 uliitambua tiketi, na tiketi ilikuwa kwenye mashine, na mashine ilikuwa mezani, wazi, kwenye chumba cha watu tisa. Nilinyamaza kwa sababu sentensi iliyofuata ingekuwa: na aliyeondoa lile swali la katikati ni mimi. Mama akapewa barua ya onyo.

John Locke, katika toleo la pili la kitabu chake kuhusu ufahamu wa binadamu, mwaka 1694, aliongeza sura inayouliza nini kinamfanya mtu awe yuleyule leo na jana. Anatoa mfano wa roho ya mwanamfalme, na kumbukumbu zake zote, ikiingia mwilini mwa fundi viatu. Majirani wote wataapa kuwa huyu ni fundi viatu. Kwa Locke, nafsi iliyomo ni ya mwanamfalme, na yeye ndiye wa kujibu kwa aliyoyafanya mwanamfalme. Nafsi kwake ni neno la mahakamani: linahusu nani atawajibika. Nilipokuwa chuo niliona ni hekaya ya watu wenye muda mwingi. Leo naiona kila siku ya kazi. Mwili wa mama yule mbele ya seva ni kompyuta yake. Akiingia mtu mwingine akakaa pale, sisi majirani tunaapa kwamba ni mama, na tuna karatasi ya kuonyesha.

Utaniambia angefunga skrini kabla ya kwenda kula. Kweli. Bosi wangu alisema hivyohivyo na sikuwa na jibu. Pia utaniambia dirisha la zamani lisingezuia kitu, maana paswedi zilikuwa chini ya vibodi. Hapo umenibana kabisa. Kama ushahidi, lile swali lilikuwa bovu tangu mwanzo.

Basi nilienda mezani kwake, wiki mbili zimepita, nikakaa kwenye kiti cha wageni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kurekebisha printa?"

Nikamwambia nimekuja kuomba radhi. Nikamweleza mambo ya tiketi, vibaya vibaya, nikitafuta maneno. Alisikiliza huku anapanga mafaili. Hakukasirika, au hakunionyesha. Halafu akasema: "Zamani ilikuwa inaniuliza. Ikiniuliza, najua sasa naingia kwenye mambo ya watu. Siku hizi nashtukia nimo ndani."

Sikuwa nimelifikiria lile swali kwa upande huo. Mimi niliona dirisha la paswedi kama mlinzi anayedai kitambulisho, na mlinzi ambaye kila mtu anajua pa kupitia hana maana. Yeye aliliona kama hodi. Sisi tulilelewa kupiga hodi hata kwenye mlango ulio wazi, redio inasikika ndani. Mara tatu, usipojibiwa unaondoka. Hodi haithibitishi wewe ni nani. Mwizi naye anaweza kupiga hodi. Inakusimamisha tu kizingitini, ujisikie sauti yako mwenyewe, ukumbuke kwamba hapa si kwako na unachokuja kufanya kina mwenyewe. Mimi nilihesabu sekunde nilizowaokolea watu, na sekunde zilikuwa za kweli, lakini sikujua baadhi yao walikuwa wanazitumia.

Jioni ile niliandika maelezo ya ukurasa mmoja kwa afisa utumishi: kumbukumbu zetu zinaonyesha akaunti na kompyuta, hazionyeshi mtu, na sababu ni mpangilio nilioufanya mimi tarehe fulani. Nilikifuta na kukiandika tena kile kipande cha "mimi" mara kadhaa. Alinijibu kwamba ameyapokea na yatawekwa kwenye faili. Barua ya onyo haijaondolewa. Ziko pamoja humo, yake na yangu.

Sikurudisha dirisha la zamani. Likizo na hati za mshahara bado zinafunguka zenyewe. Ila kwenye ukurasa wa kuidhinisha malipo nimeweka sehemu moja: kabla ya kubonyeza, andika paswedi tena, na juu yake linatokea jina lako kwa herufi kubwa na kiasi cha hela. Asubuhi ya kwanza nilipigiwa simu tatu kabla ya chai. Ya tatu alikuwa mkuu wa idara, kasirani kwelikweli.

"Kijana, hiki kitu kimeanza tena kuniuliza."

"Ndiyo mzee," nikamwambia. "Kinauliza."