Polka Hii, Furaha ya Nani?

Mwaka 2014 Spotify iliinunua kampuni ya The Echo Nest, na pamoja nayo ikapata namna ya kuupima muziki kwa namba. Kila wimbo ukawa na mwendo wake, kii yake (C ni 0, A ni 9), alama ya meja au maina, na kipimo kimoja cha ajabu kuliko vyote: kati ya 0 na 1, wimbo huu una furaha kiasi gani?

Sasa chukua rekodi yoyote ya Tritsch-Tratsch-Polka, aliyoitunga Johann Strauss II mwaka 1858 huko Vienna. Okestra nzima, mapigo mawili mawili, A meja, mbio mbio, na kabla hujatulia kitini imeisha. Mashine haitasita: hii ni furaha. Mimi nasita kidogo. Furaha ya nani?

Tuanze na mwendo, maana unaonekana kama ukweli mkavu. Kumbe hata huo una utata. Mapigo yaleyale unaweza kuyahesabu moja-mbili ya haraka, ama pigo moja zito, na kompyuta mara nyingi hutoa namba iliyo nusu au maradufu ya ile mguu wako unagonga. Tena kasi si furaha. Anayekimbilia harusi na anayekimbizwa na kanjo wanaweza kuwa na mwendo mmoja.

Na kii? Tumezoea kuambiwa meja ni raha, maina ni majonzi. Lakini nenda matanga yoyote hapa kwetu, simama nyuma ya hema, usikilize. Nyimbo nyingi za kanisani zinazoimbwa jeneza likishushwa ni za meja, na watu wanalia mpaka wanashikwa mkono. Hata hiyo A yenyewe haijakaa mahali pamoja: kiwango cha kawaida duniani ni hertz 440, lakini Wiener Philharmoniker huiweka kwenye 443.

Inabaki hali, ama mood, kama tunavyosema mtaani. Tritsch-Tratsch kwa Kijerumani ni porojo, umbea. Filimbi ndogo zinadokoa, fidla zinadakia, kila mtu anasema na hakuna anayesikiliza. Umbea ni mtamu, nani atabisha? Ila yule anayesengenywa hayumo kwenye rekodi.

Na hapo ndipo Vienna inanikaba. Lile tamasha la Mwaka Mpya ambalo leo linarushwa hewani katika makumi ya nchi, waltzi na polka za ukoo wa Strauss, maua kila mahali, lilifanyika mara ya kwanza tarehe 31 Desemba 1939. Austria ilikuwa mikononi mwa Wanazi, vita vimeanza, na mapato yalikwenda kwenye mfuko wao wa michango ya wakati wa vita. Wanamuziki Wayahudi walikuwa wamekwisha kufukuzwa katika okestra hiyo. Watano walikufia kambini. Tena baba wa babu yake Strauss alikuwa Myahudi aliyebatizwa. Wanazi walipogundua, hawakuacha kucheza polka zake. Waligushi rejista ya kanisa. Waliitaka furaha, lakini si watu walioileta.

Utaniambia: noti hazina dhambi. A meja ni A meja tu, hata ikipigwa mbele ya muuaji. Sawa, nakubali. Lakini basi tuwe wakweli hadi mwisho. Huwezi kusema hatia haimo ndani ya noti halafu uniambie furaha imo. Kama noti ni maskini mno kubeba lawama, ni maskini vilevile kubeba shangwe. Vyote viwili viko kwa watu: nani anapiga, kwa ajili ya nani, saa ngapi, na nani amefungiwa nje ya mlango.

Wapigaji wenyewe wanalijua hilo. Tamasha hilo kwa desturi hufungwa kwa Radetzky-Marsch, ya Strauss baba, ukumbi wote ukipiga makofi. Tarehe 1 Januari 2005, siku chache baada ya tsunami ya Bahari ya Hindi, hawakuipiga. Mwendo wake haukuwa umebadilika, wala kii. Kilichobadilika ni kwamba wafu walikuwa hawajahesabiwa bado, na kuna furaha ambayo saa kama hiyo inageuka kuwa matusi.

Simaanishi tuzime muziki. Polka hii bado naipiga nikiosha vyombo, na bado inanipandisha mabega. Ninachokataa ni kupewa furaha kama dawa, kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni, kutoka kwa orodha iliyoandikwa “Happy”, bila kuulizwa niko wapi na jirani yangu yuko wapi. Kwani nani hajaona wimbo wa kuchangamka ukipigwa kwa sauti ya juu ili watu wasisikie kilio cha upande wa pili? Wanasiasa wetu wanaujua mchezo huo vizuri sana, hawahitaji Strauss.

Kwa hiyo 0 mpaka 1, polka hii ni ngapi? Niambie kwanza ni tarehe gani, na nani yuko ukumbini.