Jumanne: Dhambi Iliyoanza kwa Macho

Soma 2 Samweli 11:1–17, 12:1–13.

Januari 24, 1941, karibu na Nairobi, Lodi Erroll alikutwa amepigwa risasi ndani ya gari lake. Alikuwa na uhusiano na Diana, mke wa Sir Delves Broughton, waliooana Novemba 1940. Broughton alishtakiwa kwa mauaji, na Julai akaachiwa huru. Hakuna aliyewahi kutiwa hatiani. Desemba 1942 Broughton alijiua huko Liverpool.

Mahakama ilikosa ushahidi. Kwa Daudi, Mungu mwenyewe alikuwa shahidi, akamtuma Nathani. Daudi alipokiri, alisamehewa, lakini Uria hakurudi nyumbani.

Jadilini: Mtu akitoka Ruangwa kuuza korosho Nachingwea na kulala ugenini, nini kitailinda ndoa yake? Ni mazoea gani unapaswa kuyakata leo, yangali madogo?