Betri Njema Ni Ipi?

Mwanafunzi wangu wa zamani huendesha pikipiki ya umeme mjini Kitengela. Siku moja alinichukua mpaka barabara ya Namanga, nami nikamwuliza kama betri yake ni njema. Alijibu bila kusita, "Mwalimu, ni njema ikinifikisha mbali." Hilo ni jibu la mtu alaye kwa jasho lake, wala sithubutu kulidharau. Hata hivyo nilirudi nyumbani nikijiuliza: je, kitu chaweza kuitwa chema kwa kumfaa mtumiaji wake peke yake?

Kwamba betri yamfaa hapana shaka. Haitoi moshi, na umeme wetu hutoka zaidi katika mvuke wa Olkaria, maji ya Mto Tana na upepo wa Turkana. Ikiisha nguvu hubadilishwa kituoni kama mtungi wa gesi, na safari huendelea. Lakini betri ina kuzaliwa na ina kufa, na katika ncha hizo mbili wako watu ambao mwendeshaji hawaoni.

Betri nyingi za motokaa zina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, hasa upande wa Kolwezi. Mwaka 2016 shirika la Amnesty International lilieleza jinsi watoto walivyofanya kazi katika machimbo ya huko. Ama juu ya kufa kwa betri, hatuna haja ya kwenda mbali. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za madini ya risasi. Bi. Phyllis Omido, aliyefanya kazi hapo, aligundua kuwa mwanawe mchanga amedhurika na sumu ya risasi. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Wanakijiji walishtaki, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Rufani iliondoa amri hiyo, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Miaka kumi! Betri zile hazikuwa za lithiamu kama hizi za leo, lakini ziliuzwa kwa maswali yale yale: yaenda mbali gani, ina uzito gani, ni bei gani? Ni maswali ya haki, ila yote ni ya mnunuzi.

Sasa iko betri nyingine itugusayo sisi wa Kajiado. Ziwa Magadi, lililo katika kaunti yetu, lina magadi kama yale ambayo mama zetu hutia katika maharagwe yaive upesi. Ndani ya magadi mna sodiamu, nayo yaweza kushika kazi ya lithiamu. Mwaka 2021 kampuni ya CATL ya Uchina ilionyesha betri yake ya kwanza ya sodiamu. Ardhini sodiamu ni nyingi karibu mara elfu moja kuliko lithiamu, na betri hiyo yaweza kuundwa pasipo kobalti. Kasoro yake ni uzito: kwa nguvu ile ile, ni nzito zaidi.

Je, tumtwike mwendeshaji wa Kitengela uzito huo kwa ajili ya mtoto wa Kolwezi asiyemjua? Naona si haki abebe peke yake, maana katika mlolongo mzima yeye ndiye mwenye kipato haba. Wenye viwanda wana mabega mapana zaidi. Lakini kumficha habari si haki pia. Wala sisi tusijisifu mapema. Magadi ya ziwa hilo yamechimbwa kwa zaidi ya miaka mia moja, na reli iliyojengwa kuyachukua yapita Kajiado mjini. Walioishi kando ya ziwa tangu zamani ni wafugaji wa Kimasai. Siku betri itakapotokana na magadi hayo, wao ndio watakaosimama mahali pa watu wa Kolwezi.

Nilipomweleza mwanafunzi wangu haya, alicheka. "Hiyo ya magadi itanifikisha Isinya na kunirudisha?" Kisha akanyamaza kidogo, akaitazama ile betri chini ya kiti, akauliza ikifa itapelekwa wapi.